Nauli ya chini haipunguzi wajibu wa shirika la ndege mzigo unapopotea

MSAFIRI anunuaye tiketi ya ndege ya nauli nafuu hununua kiti, na aghalabu hana kingine. Sanduku, chakula, nafasi karibu na dirisha na hata kadi ya kuabiri inayochapishwa kwenye kaunta huweza kuuzwa kando. Kwa sababu hiyo, wengi huamini kwamba aliyelipa kidogo hana lake sanduku linapokosa kuonekana kwenye mkanda wa mizigo. Imani hiyo ni potovu. Shirika lina uhuru wa kutoza ada ya kila kilo ipendavyo, lakini halina uhuru wa kujipunguzia wajibu wa kufidia mzigo ambao limeupokea katika safari ya kimataifa.

Bei ya kubeba mzigo ni jambo moja, na wajibu wa kuufidia ni jambo lingine. Msafiri anayeyachanganya hayo mawili hukubali hasara ambayo si yake. Na kwa kuwa sheria nayo ina mipaka, kuna hasara nyingine ambazo humwangukia abiria mwenyewe, na hizo ndizo bima ya usafiri iliundiwa.

Mtindo wa kutenga bei ya mzigo na bei ya kiti si wa tangu jadi. Southwest ya Marekani, iliyoanza safari zake mwaka wa 1971 na kuigwa kote duniani, iliendelea kuwabebea abiria masanduku mawili bila malipo hadi Mei 2025. Ryanair ya Ireland ilianza kutoza ada ya sanduku mwaka wa 2006, na mwaka wa 2010 Spirit ya Marekani ikaanza kutoza hata mkoba unaowekwa juu ya viti. Katika eneo hili, Fly540 ilianza kuhudumu mwaka wa 2006. Fastjet iliingia Tanzania mwaka wa 2012, ikasitisha safari zake huko mwishoni mwa 2018. Jambojet, kampuni tanzu ya Kenya Airways, ilianza safari mnamo Aprili 2014. Kwa wanaoelekea Ghuba, Air Arabia ya Sharjah na flydubai ya Dubai ndizo zilizofungua njia ya bei nafuu kwa wafanyakazi na wafanyabiashara.

Kilo na vipimo

Mizigo ya abiria katika mashirika haya huwa ya namna tatu. Kuna kipochi au mkoba mdogo wa kuwekwa chini ya kiti cha mbele, ambao kwa kawaida hauna ada. Kuna mkoba wa mkononi wa kuwekwa kwenye kabati la juu, ambao kwingine ni bure na kwingine hulipiwa. Kisha kuna sanduku linalokabidhiwa shirika na kusafirishwa tumboni mwa ndege.

Kilo saba ni kipimo cha mkoba wa mkononi kinachotumiwa na mashirika mengi, na mara nyingi hesabu hiyo hujumlisha kipakatalishi na mfuko wa vitu vilivyonunuliwa uwanjani. Ukubwa wa mkoba hupuuzwa zaidi kuliko uzani wake, ilhali mkoba wa kilo tano usioingia katika fremu ya kupimia hutozwa kama mzito. Jambo hili limeleta mvutano mkubwa barani Ulaya. Mnamo Septemba 2014, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi iliyoihusu Vueling ya Uhispania, ilisema kuwa mkoba wa mkononi wenye uzani na ukubwa wa kadiri ni sehemu ya lazima ya safari na haufai kutozwa ada, ingawa sanduku la tumboni laweza kutozwa. Novemba 2024, serikali ya Uhispania iliyatoza mashirika matano faini ya jumla ya euro milioni 179, sehemu ya makosa yakiwa ada za mikoba hiyo, nayo mashirika yakapinga. Msafiri anayeabiri Nairobi au Mombasa asidhani kwamba hukumu hizo zitamfaa mbele ya mizani.

Litakalomfaa ni kulipia mzigo mapema. Katika takriban mashirika yote ya aina hii, ada huwa ya chini kabisa wakati wa kununua tiketi, hupanda ikilipwa baadaye, hupanda tena kwenye kaunta, na huwa ghali zaidi mlangoni pa kuingilia ndege. Anayejua kwamba atarejea na vitu vingi kuliko alivyoondoka navyo, kama ilivyo kawaida ya wanaotoka Dubai, anunue kilo nyingi za safari ya kurudi pekee. Aidha, akumbuke kwamba sanduku moja kwa kawaida haliruhusiwi kuzidi kilo 32 hata akiwa tayari kulipa, kwa kuwa kiwango hicho kimewekwa kuwakinga wafanyakazi wanaolibeba.

Familia nyingi huepuka gharama kwa kujaza mali ya watu wanne katika masanduku mawili. Hakuna ubaya katika hilo, na baadaye itaonekana kwamba sheria haimnyimi haki yake asiye na sanduku. Jambo la hatari ni kukubali kubeba kifurushi cha mtu asiye katika safari hiyo kwa sababu kilo zimesalia. Anayekabidhi sanduku kwa jina lake ndiye atakayeulizwa kilichomo, na kwa mapolisi wa viwanja vya ndege maelezo ya kwamba kifurushi ni cha jirani hayana uzito.

Betri za akiba za kuchajia simu haziruhusiwi kabisa katika sanduku la tumboni. Hubebwa mkononi, na zinazozidi nguvu ya wati-saa 100 huhitaji idhini ya shirika. Mnamo Januari 2025, ndege ya Air Busan, shirika la nauli nafuu la Korea Kusini, iliteketea uwanjani Gimhae kabla ya kupaa baada ya moto kuzuka katika kabati la mizigo ya mkononi. Watu wote 176 waliokuwemo waliokoka, na wachunguzi waliielekezea kidole betri ya aina hiyo. Tangu hapo mashirika kadhaa yameongeza masharti, yakiwemo ya kutoichaji wala kuitumia betri hiyo safarini.

Kuna mtego mmoja ambao wenye mikoba ya mkononi hawautarajii. Kabati zikijaa, wahudumu huuchukua mkoba mlangoni na kuupeleka tumboni. Tangu wakati huo mkoba huo ni mzigo uliokabidhiwa shirika, na abiria anastahili kupewa kipande cha utambulisho. Kabla ya kuuachilia ni sharti atoe betri, dawa, pesa, pasipoti na kipakatalishi. Mkoba wa nje wenye zipu, uliopangwa tangu nyumbani kwa ajili ya vitu hivyo, huondoa fadhaa ya kupekua nguo mbele ya foleni.

Mkataba wa Montreal

Sheria inayotawala mizigo katika safari nyingi za kimataifa ni Mkataba wa Montreal wa 1999, ulioanza kutumika Novemba 4, 2003. Kenya ilikuwa miongoni mwa mataifa yaliyouidhinisha mapema, na Tanzania na Milki za Kiarabu zimo pia. Chini ya mkataba huo shirika hubeba lawama ya mzigo uliokabidhiwa kwake ukipotea au kuharibika, hata ikiwa abiria hawezi kuonyesha aliyekosea. Shirika huepuka tu ikiwa kasoro ilikuwa ndani ya mzigo wenyewe, kwa mfano matunda yaliyooza kwa kuwa yalikuwa yameiva kupita kiasi, au abiria mwenyewe akiwa na mchango katika hasara hiyo. Kwa mkoba uliobaki mikononi mwa abiria, shirika hulipa tu iwapo hasara imetokana na kosa lake au la watumishi wake.

Kiwango cha juu cha fidia huhesabiwa kwa kipimo cha Shirika la Fedha Duniani kiitwacho SDR. Kilianza kikiwa 1,000 kwa kila abiria, kikapanda hadi 1,131 mwaka wa 2009, kisha 1,288 mwaka wa 2019, na tangu Desemba 28, 2024 ni 1,519. Kwa viwango vya ubadilishanaji fedha vya 2025, hizo ni zaidi ya Sh250,000. Anayebeba mali ya thamani kubwa kuliko hiyo anaweza kutangaza thamani yake kwenye kaunta na kulipa ada ya ziada, na hapo kiwango hupanda hadi kile alichotangaza. Ni wachache mno wanaoulizia huduma hii.

Kifungu cha 26 ndicho ambacho msafiri wa nauli nafuu anapaswa kukikariri. Kinasema kwamba sharti lolote katika mkataba wa safari linalokusudia kuliondolea shirika wajibu wake, au kuweka fidia iliyo chini ya ile ya Montreal, ni batili. Kwa hivyo maandishi madogo yanayodai kwamba fidia itakuwa kiasi fulani tu kwa kilo, au kwamba shirika halitawajibika kwa lolote, hayana nguvu katika safari inayotawaliwa na mkataba huu. Mwaka wa 2009, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ililazimika kuyakumbusha mashirika kwamba hayawezi kutumia masharti yao kukwepa fidia ya vito, kamera na vitu vingine vya thamani katika safari za kimataifa. Hata hivyo, kupewa haki na kuthibitisha hasara ni mambo mawili. Mkufu uliokuwa sandukuni bila risiti wala picha ni vigumu kuudai popote pale.

Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imekifafanua kiwango hicho mara kadhaa, na ingawa hukumu zake haziwafungi mahakimu wa Kenya, maneno yanayofasiriwa ni yale yale. Mwaka wa 2010, katika kesi dhidi ya Clickair, shirika la nauli nafuu la Uhispania, ilisema kiwango hicho hujumuisha thamani ya mali pamoja na uchungu na usumbufu wa abiria, wala hakuna fungu la pili juu yake. Mwaka wa 2012, katika kesi ya abiria wanne waliokuwa wamepakia vitu vyao katika masanduku mawili yaliyopotea, iliamua kwamba kila abiria ana haki ya kudai kwa niaba yake hata ikiwa sanduku lilisajiliwa kwa jina la mwenzake, bora athibitishe kwamba mali yake ilikuwemo. Na mnamo 2020, katika kesi nyingine ya Vueling, ilisisitiza kuwa kiwango hicho ni kikomo na wala si zawadi inayotolewa kwa kila aliyepotelewa. Ushahidi ndio unaoamua.

Yapo makataa ambayo yakipita haki huyeyuka. Sanduku lililoharibika hulalamikiwa kwa maandishi ndani ya siku saba tangu lilipopokelewa. Lililochelewa hulalamikiwa ndani ya siku 21 tangu mwenyewe alipokabidhiwa. Lisipoonekana siku 21 baada ya siku ambayo lilipaswa kufika, abiria ana haki ya kulihesabu kuwa limepotea na kudai fidia kamili. Kesi mahakamani haina budi kufunguliwa kabla ya miaka miwili kwisha.

Basi hatua ya kwanza si kwenda nyumbani. Abiria asiyeliona sanduku lake, au analiona limepasuka, aende kwenye dawati la mizigo kabla ya kuvuka forodha, ajaze fomu ya taarifa inayojulikana kwa herufi PIR na kupewa nambari yake. Atahitaji kile kipande cha karatasi chenye nambari ya mzigo kilichobandikwa nyuma ya kadi ya kuabiri, ambacho wengi hukitupa ndegeni pamoja na maganda ya peremende. Baadaye aandike barua au baruapepe ya malalamiko kwa shirika lenyewe, kwani si kila shirika hukubali kwamba fomu ya uwanjani inatosha kuwa malalamiko. Wakati anasubiri, anunue mahitaji ya lazima kama vile nguo za kubadilisha, mswaki na dawa, na ahifadhi risiti, maana gharama za kadiri zinazotokana na uchelewaji hudaiwa pia, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua iliyowezekana.

Kuna wanaofunga sanduku kwa matabaka ya plastiki uwanjani wakidhani wamelikatia bima. Plastiki huzuia zipu kufunguka na mkono mwepesi kupenya. Haimlipi mtu.

Suala la tiketi za kwenda tu linahitaji uangalifu. Mkataba wa Montreal humlinda mwenye tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Kenya hata nchi anayozuru ikiwa haijauidhinisha, kwa kuwa kisheria safari yake huanzia na kuishia Kenya. Mwenye tiketi ya kwenda tu hulindwa ikiwa nchi zote mbili zimeuidhinisha. Penye pengo hurudi Mkataba wa Warsaw wa 1929, ambao fidia yake hupimwa kwa kilo, takriban dola 20 za Marekani kila moja. Kwa sanduku la kilo 23 hizo ni dola 460. Wawindaji wa bei za chini hupenda kuunganisha tiketi mbili za kwenda tu kutoka mashirika tofauti, na ni nadra kwao kulifikiria hilo.

Hatari iliyo karibu zaidi na tiketi za aina hiyo ni ya kukosa ndege ya pili. Aliyenunua safari ya Nairobi hadi Sharjah kwa shirika moja, kisha akanunua kando safari ya kuendelea mbele kwa shirika lingine, machoni pa sheria ana safari mbili. Sanduku lake halitahamishwa. Atalazimika kuingia nchini humo, jambo linaloweza kuhitaji viza, alichukue na kulisajili upya. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili humhesabu kuwa hakufika, na tiketi yake huenda ikapotea yote. Mambo huwa tofauti pale mashirika yanapokuwa na makubaliano na safari yote kuandikwa katika tiketi moja, kama inavyowezekana kwa flydubai na Emirates.

Bima hufidia nini?

Mahali ambapo mkataba unaishia ndipo bima huanzia. Sheria haimrudishii abiria nauli aliyoipoteza kwa kuugua siku mbili kabla ya kuondoka. Haigharimii hospitali ya ugenini, wala simu iliyoibwa hotelini, wala ndege ya pili iliyokosekana. Kufilisika kwa shirika nako ni balaa ya aina yake. WOW ya Iceland ilisitisha safari zote asubuhi moja ya Machi 2019 na kuwaacha abiria viwanjani. Ni baadhi tu ya bima zinazofidia hilo, na lazima liwe limeandikwa wazi.

Wengi humu nchini hununua bima kwa sababu ubalozi umeidai. Kanuni za viza ya Schengen humtaka mwombaji awe na bima isiyopungua euro 30,000 ya matibabu ya dharura, kulazwa hospitalini na kurejeshwa nyumbani kwa sababu za kiafya au kifo. Hazisemi lolote kuhusu sanduku. Hati ya bei ya chini kabisa inayotosheleza ubalozi inaweza kuwa haina hata shilingi moja ya mizigo, na mwenyewe hugundua hayo akiwa dawatini.

Hata bima yenye fungu la mizigo ina kuta zake. Kuna sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye bima hujibebea. Kuna kikomo cha kila kitu kimoja, na kikomo kingine kwa jumla ya vitu vya thamani. Vitu vilivyotumika hupunguziwa thamani kulingana na umri wake. Chukua mfano wa msafiri aliyepoteza sanduku lenye kipakatalishi cha Sh80,000, ilhali hati yake inaweka kikomo cha Sh25,000 kwa kitu kimoja na kumtaka ajibebee Sh5,000 za kwanza. Atapata Sh20,000. Isitoshe, kampuni nyingi hukataa kabisa kufidia vifaa vya umeme, fedha na vito vilivyowekwa katika sanduku la tumboni, na wizi usioripotiwa polisi katika muda uliotajwa, aghalabu saa 24.

Uchelewaji wa mzigo hulipwa baada ya saa kadhaa kupita, nazo hutofautiana kati ya hati na hati. Kampuni ya bima itadai nambari ya PIR, barua ya shirika inayoonyesha lililolipa au kukataa kulipa, na risiti. Haitalipa hasara ile ile ambayo shirika limekwisha kufidia, kwani bima humrudisha mtu alipokuwa, haimtajirishi. Ndiyo sababu ni busara kudai kwanza kwa shirika na kuiarifu kampuni ya bima papo hapo ili makataa yake yasipite.

Wanaokwenda kufanya kazi Ghuba kwa kandarasi ya miaka miwili wasome idadi ya siku zilizoandikwa. Bima nyingi za usafiri huhesabu siku za kila safari na huisha mapema mno kwa mtu wa aina hiyo. Vilevile, hati nyingi hazikubaliki zikinunuliwa baada ya msafiri kuondoka nchini, na maradhi aliyokuwa nayo yasipotajwa huwa kisingizio cha kwanza cha kumnyima malipo. Bima inayouzwa kwenye ukurasa wa kununua tiketi huwa rahisi kubofya na nadra kusomwa. Mwaka wa 2012, mahakama ya Ulaya iliamua kwamba bima ya kufuta safari isiingizwe kwenye hesabu ya mnunuzi bila yeye kuichagua mwenyewe. Anayenunua hapa nchini ahakikishe kwamba kampuni na ajenti wake wamesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo pia hupokea malalamishi ya walionyimwa malipo.

Shirika la ndege likinyamaza au kutoa fidia ya kejeli, malalamishi hupelekwa kwa Halmashauri ya Usafiri wa Ndege, KCAA. Mahakama nazo hazihitaji kuogopwa. Montreal humruhusu abiria kushtaki mahali safari inapoishia, kwa hivyo mwenye tiketi ya kwenda na kurudi kutoka Nairobi aweza kulishtaki shirika la kigeni papa hapa. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka wa 2021, husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni na inatakiwa kuyaamua katika siku 60, na mdai anaruhusiwa kujitetea bila wakili. Kwa safari za ndani, ambako Montreal haifiki, abiria hutegemea masharti ya tiketi, Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 na kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mteja haki ya kufidiwa hasara itokanayo na huduma mbovu. Atakachoulizwa kwanza ni kile kipande cha karatasi chenye nambari ya mzigo.